Shangazi Mosi na Kiti cha Nne

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama nje ya nyumba ya shangazi yangu kule Singe, mlango umefungwa kwa ndani, na yeye yuko dirishani ananiambia kwamba hajawahi kwenda kwa wakwe mikono mitupu na hataanza uzeeni. Nilirudi nyumbani Bagara kwa miguu, nikisonya njia nzima.

Aliyekosa gazeti nampa kwa kifupi. Mwanangu Sele anafanya biashara ya vipuri kule Moroni, visiwa vya Komoro, na Ijumaa hii anafunga ndoa huko huko. Baba wa binti ametamka wazi kwamba hamtoi mwanawe mpaka baba wa kijana asimame mbele yake na kumwomba kwa kinywa chake. Simu hataki. Kwa hiyo tunasafiri wanne: mimi Mikidadi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Babati, mke wangu Hanifa, mdogo wangu Abdulsalam wa Sigino, na Shangazi Mosi, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wetu.

Tiketi za ndege kutoka Dar es Salaam nilizikata mimi. Na mimi, mnanijua sasa, sipendi kukatwa.

Ile kampuni ya ndege za bei chee inauza kwa dola. Ukilipa kwa kadi ya shilingi, benki inageuza pesa yako kwa bei inayoitaka yenyewe, halafu inachukua asilimia yake juu. Kampuni nayo inatoza dola kumi na mbili kila kadi inapotumika. Kumi na mbili za nini? Za kukubali pesa yako! Watu wanne wakilipa kila mmoja kivyake, dola arobaini na nane zimekwenda na upepo.

Nikapiga akili. Wote wanne nikawaweka kwenye tiketi moja, ada ikawa moja. Nikamwendea jirani yangu Severine, ambaye ana kambi ya wageni pale ziwani na kadi ya benki yenye dola ndani. Mimi nikampa shilingi mkononi kwa bei tuliyoelewana, kadi yake ikalipa dola kwa dola, benki ikakosa kitu. Mabegi makubwa nikayakataa, maana kila moja ni dola thelathini.

Ukurasa wa kampuni ukaniuliza msafiri wa kwanza ni nani na namba yake ya simu ni ipi. Nikamwandika Shangazi Mosi.

Sasa niambieni ninyi. Unaanzaje kujiandika wewe, au kumwandika mkeo, juu ya dada wa baba yako? Nilimtanguliza kwa heshima, kama tunavyomtanguliza kwenye sinia. Sikujua kwamba kwa wenye ndege, wa kwanza kuandikwa ndiye mwenye safari.

Jumatatu hii, saa saba mchana, nampimia fundi nondo, Severine akaingia dukani bila hodi.

"Baba Sele, umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini tena?"

"Kadi yangu imekatwa. Jana jioni, mimi niko kanisani, kadi inakatwa! Dola mia moja na tisa. Ile kampuni yako ya ndege."

Akaninyooshea simu. Nikasoma ujumbe wa benki mara tatu. Damu ikanichemka.

"Wezi," nikasema. "Wamehifadhi namba ya kadi yako, sasa wanajichotea."

"Wezi au si wezi, mimi kadi nilimpa nani?"

Fundi wa nondo akaona mambo yameharibika, akasema atarudi kesho. Kesho! Na yeye nikamkasirikia.

Nikapiga simu kwa kampuni, nikaiweka kwenye sauti ya nje Severine asikie. Tulisikilizishwa muziki dakika kumi na nane, salio langu linaisha, mpaka akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole ya kuudhi.

"Naongea na Bi Mosi?"

"Unaongea na Mikidadi. Bi Mosi ni shangazi yangu."

"Samahani, mabadiliko ya safari tunazungumza na msafiri wa kwanza."

"Mimi ndiye niliyezikata hizo tiketi!"

"Kwenye malipo naona jina la Bwana Severine."

"Ndiye mimi!" Severine akaninyang'anya simu. "Severine hapa, mwenye kadi. Nataka kujua mia na tisa yangu imekwenda wapi."

Kwa mwenye kadi ulimi wa dada ukalegea. Akasema jana jioni msafiri wa kwanza ameongeza mabegi makubwa matatu, kilo ishirini na tatu kila moja. Kadi ya kwanza ilikuwa imehifadhiwa, akabonyeza hiyo hiyo.

"Matatu ni dola tisini," nikadakia. "Na ada yenu ya wizi kumi na mbili, mia na mbili. Hiyo saba inatoka wapi?"

"Alichagua kulipa kwa shilingi za Tanzania."

Wasomaji wangu, nilikaa chini kwenye ndoo ya rangi.

Kadi ni ya dola. Bei ni ya dola. Ukurasa unakuuliza kwa adabu kama unapenda kulipa kwa pesa ya nyumbani kwako, na huo ndio mtego wao mkubwa kuliko yote. Ukikubali, wanageuza dola kuwa shilingi kwa bei yao ya kinyonyaji, halafu benki inaona shilingi, inageuza tena kuwa dola. Unaliwa ukienda na unaliwa ukirudi. Dola saba! Mtu akiniibia mbuzi siumii hivyo.

Nilitukana. Nilichosema gazeti haliwezi kukichapa.

Severine akaninyamazisha kwa mkono. "Dada, mabegi matatu? Wao si wako wanne?"

"Wa nne hana begi." Nikasikia anabonyeza kompyuta. "Wa nne hajathibitishwa."

"Hajathibitishwa nini?"

Hapo ndipo nilipopata habari ambayo simu ya Shangazi Mosi ilikuwa nayo tangu Ijumaa. Ndege yetu ya Alhamisi imeondolewa. Imebaki ya Jumatano jioni na ya Jumamosi. Jumamosi ndoa imeshapita. Kuhamia Jumatano ni bure, lakini lazima msafiri wa kwanza athibitishe jina moja moja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu yake, na mwisho ni leo saa kumi jioni.

"Watatu wameshathibitishwa," dada akasema. "Amebaki Mikidadi."

Severine akanitazama. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro.

"Asipothibitishwa?"

"Kiti kinafutwa, na pesa inarudi kwenye kadi iliyolipa."

"Nikate kingine cha Jumatano sasa hivi!" nikapiga kelele. "Hata kwa shilingi! Hata kwa makato!"

"Jumatano imejaa. Kilichobaki ni hicho tulichomshikia."

Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu nizike mama. Nikamwita bodaboda, akaja baada ya nusu saa.

Njiani hasira zilikuwa zinanipanda na kushuka. Nilimpangia shangazi maneno. Nitamwambia uzee si ruhusa ya kuchezea pesa za watu. Nitamwambia safari ni ya mwanangu, si yake. Nikayapanga vizuri, nikayarudia, na kila nilipofika mwisho kulikuwa na jambo moja linanichoma ubavuni.

Hapa lazima nikiri kitu nilichowaficha tangu sehemu ya kwanza ya simulizi hii.

Pesa za tiketi hazikuwa zangu. Alizituma Sele. Alituma za watu wanne, na mabegi manne, na ada zote, na akazidisha kidogo ya njiani. Akaandika: "Baba, usihangaike na makato, nimeweka ya kila kitu. Bibi achukue na mchele wake wa Magugu, huku wataufurahia sana." Nikamjibu, "Sawa mwanangu."

Halafu nikapiga akili. Nilichookoa kwenye ada na kubadilisha dola kilikuwa kidogo. Kilichonona kilikuwa pesa ya mabegi na ile ya njiani. Vyote nikaviingiza dukani, katoni za misumari na rangi ya mafuta. Nilijiambia ni ujira wa ujanja wangu. Nilijiambia duka ni la familia, kwa hiyo si wizi. Hanifa nikamwambia kijana amebanwa, ametuma ya viti vitupu tu.

Mnaweza kunitukana. Mimi mwenyewe nimeshajitukana.

Mlango wa Shangazi Mosi safari hii ulikuwa wazi. Sebuleni kulikuwa na mabegi matatu yamesimama kwa mstari. Shangazi amekaa kwenye kiti, miwani puani, simu mapajani. Na chini kwenye mkeka, anashona mdomo wa kiroba cha mchele kwa sindano ya gunia, alikuwepo mke wangu.

"Mama Sele! Si uliniaga unakwenda sokoni?"

"Nilikwenda," Hanifa akajibu bila kuinua kichwa. "Nimenunua mchele."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Na kati ya maneno yote niliyoyapanga njiani, mnajua lililotoka la kwanza ni lipi?

"Shangazi, umebonyeza shilingi! Kadi ni ya dola, unabonyezaje shilingi? Wamekula mara mbili! Dola saba!"

Akavua miwani taratibu.

"Mikidadi, mimi nimekuwa karani wa ushirika miaka ishirini na mbili. Kusoma najua. Pameandikwa dola na pameandikwa shilingi. Mimi si Mmarekani."

"Lakini wewe huelewi hizi kadi..."

"Umekuja kwa hizo saba?"

"Nimekuja kwa kiti changu. Shangazi, ni saa tisa hii. Nithibitishe."

"Kiti chako nimekisubirisha."

"Unakisubirisha nini? Baba wa binti anamngoja baba wa kijana. Unataka tuaibike? Unataka Sele akose mke kwa sababu ya begi la mchele?"

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu."

Nikaishusha. Ilishuka kwa shida.

"Jana asubuhi nilimpigia Sele," akasema. "Nilitaka kumwomba radhi mapema, kwamba bibi yake anakuja mikono mitupu, kwa kuwa yeye Sele hakuwa na uwezo wa kulipia begi. Nilimwambia asione haya, maisha ni magumu kwa kila mtu. Unajua alinijibu nini?"

Nilijua. Nikatazama mlangoni.

"Hanifa sijamwambia," Shangazi akaendelea. "Amekuja hapa jana, leo amerudi, na sijafungua mdomo. Nilikuwa nakungoja wewe."

Sindano ya Hanifa ikasimama. "Aniambie nini?"

"Hakuna kitu, Mama Sele. Ni mambo ya makato tu. Haya makampuni..."

"Baba Sele. Uniambie nini?"

Nikapandwa na mori, wasomaji. Nilichofanya ni kile anachofanya mtu aliyebanwa ukutani, nikaanza kumfokea kila asiyekuwepo. Nikaifokea kampuni na dola zake kumi na mbili. Nikaifokea benki. Nikafoka kwamba nchi hii ukiweka pesa unakatwa, ukitoa unakatwa, ukimtumia mama yako mgonjwa unakatwa, na mtu mmoja Babati nzima akijaribu kukataa kunyonywa anaitwa bahili na ndugu zake mwenyewe.

Shangazi alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Benki imechukua chake," akasema. "Kampuni imechukua chake. Aliyechukua kikubwa kuliko wote ni nani?"

Nikahesabu mabegi kwa macho.

"Mwambie mkeo kwanza. Kiti tutazungumza baadaye."

Nikahesabu haraka kichwani. Kusema ni aibu. Kutosema ni kukosa kiti. Saa tisa na robo.

Nikasema. Nilisimama katikati ya sebule ya shangazi yangu na umri wangu wote, nikamwambia mke wangu kwamba Sele alituma pesa ya mabegi, ya ada, na ya njiani, na kwamba zimo dukani, zimegeuka misumari na rangi. Nilisema nikitazama mabegi. Nikamalizia kwamba zikiuzwa nitazirudisha, wallahi.

Nilitegemea apige kelele. Hanifa ni mtu wa kusema, ninyi mmemsikia sehemu zilizopita. Ningemwelewa akinitupia hata hiyo sindano.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Wiki ya tatu." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nimeuza cherehani juzi."

"Umeuza nini?"

"Cherehani. Nilimwona Shangazi analia kwa ajili ya mchele, nikasema haiwezekani. Mchele nimenunua mimi. Na hizo dola za Severine nilipanga kumlipa leo jioni, pesa hii hapa nimeifunga kwenye khanga. Nilimwambia Shangazi aongeze mabegi, nitalipa mimi, wewe usijue, kwa sababu nilijua hali yako ya duka ni mbaya. Nilikuonea huruma."

Cherehani ile alikuja nayo kwangu akiwa bibi harusi. Amekaa nayo kibarazani miaka ishirini na minane, akishona sare za shule za nusu ya watoto wa Bagara. Na mimi siku mbili hizi nimepita kibarazani nisione kwamba haipo. Mwaka duka langu lilipoungua ndiyo iliyotulisha, na ada za Sele za sekondari zilitoka kwenye mguu wake wa kulia. Nilisikia hasira mpya, na hii haikuwa na kampuni wala benki ya kuitupia. Ilikuwa yangu, juu yangu, na sikujua niiweke wapi.

"Nitakununulia nyingine," nikasema. "Mpya. Ya umeme."

Akachomeka sindano kwenye kiroba.

"Shangazi," nikageuka, "nimeshamwambia. Umesikia mwenyewe. Sasa nithibitishe, nakuomba. Saa tisa na nusu imepita."

Shangazi Mosi akavaa miwani. Akabonyeza, akangoja, simu ikalia mlio mfupi. Namba ya siri imeingia. Nikashusha pumzi.

Halafu hakubonyeza tena. Aliinuka, akamwendea Hanifa pale mkekani, akamwekea simu mkononi.

"Mimi ni shangazi tu," akasema. "Nilikasirika kwa ajili ya mchele, na mchele umepatikana. Aliyeuza cherehani ni wewe. Kijana ni wako, na mume ni wako. Nikimpitisha nitakuwa nimekuamulia, na nikimzuia nitakuwa nimekuamulia. Amua mwenyewe."

"Shangazi!" nikasema. "Hili si jambo la kuamua! Baba wa binti anataka baba wa kijana! Mama Sele, mfikirie Sele. Nichukie ukitaka, nichukie mwaka mzima, lakini nichukie Moroni."

Hanifa aliikazia macho simu. Kwa mara ya kwanza tangu niingie akaonekana anafikiri, na mimi namjua mke wangu, akifikiri kimya hivyo ameshafika mbali.

"Abdulsalam ameshathibitishwa?" akauliza.

"Tangu asubuhi," Shangazi akajibu.

"Abdulsalam ni tumbo moja na huyu. Sele akiwa mdogo ndiye aliyekuwa akimpeleka shule, huyu akihesabu misumari." Alikuwa anazungumza kama sipo. "Kwetu sisi baba mdogo ni baba. Kule Komoro je?"

Shangazi Mosi akavua miwani tena, akaifuta vioo.

"Kule," akasema, "ndiyo zaidi."

"Hanifa." Nilimwita kwa jina lake, ambalo sijalitumia tangu tupate mtoto. "Hanifa, mke wangu. Usinifanyie hivyo. Nitasimama vipi mbele ya watu hapa mjini? Nitamwambia nini Sele?"

Saa ya ukutani ya shangazi ilisema saa kumi kasoro dakika sita. Hanifa akafuta kidole gumba kwenye khanga, kikawa kikavu. Hakunitazama.

"Shangazi," akasema, "kitufe cha kumtoa ni kipi?"